Aliyetia Sahihi Yuko Wapi?

Dereva mmoja wa sacco yetu, shabiki wa Arsenal tangu enzi za Kanu, aliniambia juzi kwamba Everton, klabu ya Uingereza, walionewa walipopokonywa pointi. Alikuwa ananipa pole, maana anajua ninavyoipenda ile timu. Nikamjibu, "Hatukuonewa, ndugu yangu. Tulivunja kanuni." Ofisi ikanyamaza kidogo, kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja, na ubishi ukaendelea mpaka abiria wa jioni wakaanza kupanga foleni pale stage.

Naandika kwa sababu jambo hili linaniuma na sikupata nafasi ya kulimaliza siku ile.

Kazi yangu ni uhasibu katika sacco ya matatu, chama cha ushirika cha wenye magari, hapa Eastlands, Nairobi. Mezani kwangu hupita makato ya kila siku ya magari, akiba za wanachama, mikopo, bima na faini za polisi. Madereva na makondakta hufika kuleta hesabu, na hesabu ikishalingana, mazungumzo ni mpira. Wananiita madam, lakini ikifika habari ya mpira u-madam unawekwa kando na mimi napigwa maswali kama mwenzao.

Everton niliipendea uwanja wa Kasarani. Tarehe 7 Julai 2019 walikuja kucheza na Kariobangi Sharks, na mimi nilienda kuwashangilia Sharks, vijana wa mtaa wetu. Dakika 90 ziliisha 1-1, Sharks wakashinda kwa penalti 4-3, na Kariobangi hakukulaliwa usiku ule. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kuijua ile timu ya jezi ya bluu iliyokuwa imekubali kuja kushindwa kwetu mbele ya watu wetu bila kununa. Nikaanza kuifuatilia. Wenye kumbukumbu watasema Gor Mahia walitangulia: walicheza nao Dar es Salaam mwaka 2017, Rooney akafunga kutoka mbali sana, kisha Novemba 2018 Gor hao hao wakaenda mpaka Goodison Park, uwanja wa Everton wakati ule, wakafungwa 4-0. Kilichounganisha yote hayo ni mdhamini mmoja, kampuni ya kamari ya SportPesa, aliyekuwa kifuani mwa Everton na kifuani mwa klabu zetu. Mwaka huohuo wa 2019 leseni yake hapa Kenya ikaingia kwenye mvutano na serikali, akajiondoa katika udhamini wa michezo nchini, na klabu zetu zikaachwa kwenye baridi. Mwaka uliofuata mkataba wake na Everton nao ukavunjwa kabla ya muda.

Sasa pointi. Tarehe 17 Novemba 2023 tume huru iliwapokonya Everton pointi 10. Walikuwa na pointi 14, wakabaki na 4, wakaporomoka kutoka nafasi ya 14 hadi ya 19. Mpaka siku hiyo hakuna klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza iliyokuwa imepewa adhabu kubwa hivyo. Hata Portsmouth, waliofilisika mwaka 2010 mpaka wakawekwa chini ya msimamizi, walipoteza pointi 9.

Kanuni yenyewe haihitaji shahada kuielewa. Klabu iliruhusiwa kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa jumla ya miaka mitatu. Pesa zinazokwenda kwenye akademia ya vijana, timu ya wanawake na kazi za kijamii huondolewa kwanza, hazihesabiwi. Baada ya kuondoa hizo zote, Everton walikutwa na hasara ya milioni 124.5 katika kipindi kilichoishia msimu wa 2021/22. Walivuka mpaka kwa milioni 19.5.

Klabu ilikuwa na utetezi, na mwingine una uzito. Vita vya Ukraine viliwakatizia ghafla udhamini wa kampuni za bilionea wa Urusi. Riba za mikopo walitaka zihesabiwe kuwa za ujenzi wa uwanja mpya wa Bramley-Moore Dock. Haya yanaweza kujadiliwa kwa heshima. Lakini hukumu ina sehemu moja ambayo mimi, mtu wa vitabu, siwezi kuipita hivihivi. Viongozi waliandaa makadirio ya mapato wakitarajia timu imalize nafasi ya 6. Timu ilimaliza ya 16. Waliajiri na kununua kwa pesa za nafasi ya 6 ambazo hazikuwahi kuingia.

Hapo ndipo ninapomwona mtu. Makadirio ni karatasi, na karatasi hiyo iliandaliwa na mtu, ikaletwa mbele ya kikao, ikapitishwa, ikatiwa sahihi. Hakuna mchezaji aliyeulizwa. Hakuna shabiki wa jukwaa la Gwladys Street pale Goodison aliyeulizwa, sembuse mimi wa Kariobangi. Na timu ikivuna kidogo kuliko makadirio, kazi ya kusema "simamisheni matumizi" ni ya hao hao waliotia sahihi.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Januari 2023, kabla ya adhabu yoyote, mashabiki wa Everton walikuwa tayari wameelewa tatizo liko wapi. Walikaa uwanjani baada ya mechi wakidai bodi iondoke. Mambo yalifika mahali ambapo wakurugenzi waliambiwa wasije Goodison kwenye mechi ya Southampton tarehe 14 Januari, kwa hofu ya usalama wao. Vitisho sikubaliani navyo hata kidogo, kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Lakini swali la mashabiki lilikuwa sahihi: nyinyi mnaoshika pesa, mmezifanyia nini? Juni mwaka huo mkurugenzi mkuu, mkurugenzi wa fedha na mwenzao mmoja wa bodi wakaondoka. Oktoba mwenyekiti, Bill Kenwright, aliyekuwa bodini tangu 1989, akafariki dunia, Mungu amrehemu. Novemba adhabu ikafika. Ikamkuta kocha Sean Dyche, aliyeajiriwa Januari ileile kuzima moto, na wachezaji ambao wengine hawakuwapo hasara ilipokuwa ikiandikwa.

Na mashabiki? Tarehe 26 Novemba Manchester United walipokuja Goodison, uwanja mzima uliinua kadi za rangi ya waridi zilizoandikwa kwamba ligi imeoza. Ndege ilikuwa imeshapita juu ya uwanja wa Manchester City siku moja kabla ikiburuta ujumbe huohuo. Uchungu ule niliuelewa, nami nilikuwa nao. Adhabu ilikuwa nzito kupita kiasi, na rufaa ilithibitisha hivyo: tarehe 26 Februari 2024 zilirudishwa pointi 4. Aprili wakapokonywa nyingine 2 kwa kosa la mwaka uliofuata. Lakini nikitazama zile kadi kwenye simu nilijiuliza, mbona hakuna hata moja iliyoelekezwa kwenye viti vya wakubwa? Miezi kumi nyuma watu hawa hawa walikuwa wanadai hesabu. Ilipokuja adhabu kutoka nje, familia ikaungana, na anayeunganisha familia kwa njia hiyo ni yule yule aliyeuza ng'ombe wa nyumba.

Hili ndilo nililokuwa najaribu kulisema ofisini. Adhabu inaweza kuwa kubwa mno, na viongozi bado wakawa na hatia. Ni maswali mawili. Shabiki akishajibu la kwanza kwa hasira, la pili husahaulika, na kusahaulika huko ni zawadi kwa aliyetia sahihi.

Kondakta mmoja, kijana wa Manchester United, alinipinga. Yeye anasema pointi ndiyo lugha pekee ambayo tajiri anaielewa. "Madam, ukimpiga faini atalipa kwa pesa za chenji. Pointi hazinunuliwi." Ana hoja. Faini kwa klabu ya bilionea haina uchungu. Dereva wa Arsenal akaingiza Manchester City na yale mashtaka zaidi ya mia ya kuvunja kanuni za pesa waliyosomewa Februari 2023, waliyoyakana, na kuanzia hapo ikawa kelele tu za nani arudishe kombe lipi. Sikuifuata njia hiyo. Kombe likirudishwa, shabiki aliyelishangilia ndiye anayenyang'anywa, na aliyepanga mambo anaweza kuwa ameshahamia klabu nyingine na marupurupu yake.

Aliyenigusa zaidi ni mzee wetu wa stage, mtu wa heshima sana, anayeisimamia foleni ya magari asubuhi. Yeye hana habari na Liverpool wala Manchester. Anashabikia klabu ya hapa nyumbani ambayo sitaitaja. Akasema, "Binti yangu, nyinyi mnalilia pointi za Wazungu. Mimi nimechanga kwa simu kulipa deni ambalo sikulikopa." Klabu yake iliwahi kufungiwa isisajili wachezaji mpaka imlipe mtu iliyemwajiri na kumtupa. Viongozi wakatangaza nambari ya Paybill, mashabiki wakachanga, mwenye shilingi mia na mwenye hamsini. Mzee alituma. Anachotaka kujua mpaka leo ni nani aliyetia sahihi mkataba ule akijua mshahara hautapatikana. Aliuliza mkutanoni akaambiwa huu si wakati wa kugawanya klabu.

Kauli hiyo ya kugawanya klabu nimeisikia mara nyingi, na kila ninapoisikia najua kuna ukurasa wa hesabu ambao hautasomwa.

Kwetu Kenya jambo hili tumelipitia kama taifa. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho la soka, FKF, ikisema inafuatilia matumizi ya pesa za umma, ikaweka kamati ya muda. FIFA wakaona ni serikali kuingilia mpira, na tarehe 24 Februari 2022 wakaisimamisha Kenya. Usimamisho ulikaa mpaka Novemba 2022. Nani aliumia? Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, walikuwa wacheze na Uganda kufuzu Kombe la Afrika la wanawake. Katika vuta nikuvute ile Kenya ikajiondoa, na Uganda wakapita bila mpira kupigwa. Harambee Stars, timu ya taifa ya wanaume, walikuwa wamepangwa kundi moja na Cameroon, Namibia na Burundi kufuzu AFCON ya 2023. Wakaondolewa, kundi likachezwa na timu tatu. Wasichana wale walikuwa wamefanya mazoezi. Kuna mchezaji ambaye ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho kabla umri haujamfungia mlango. Wakubwa walipelekana mahakamani na kwenye vikao, wakapigwa picha na mawakili wao, na mpaka leo wanasalimiwa mitaani kwa vyeo. Yule mchezaji harudishiwi mwaka wake.

Ndiyo sababu naileta sacco kwenye habari ya mpira. Sheria ya Vyama vya Ushirika hapa Kenya ina kipengele ambacho kila ofisa anayegombea kwetu husomewa kabla ya kura. Kamishna wa Ushirika anaweza kuagiza uchunguzi wa chama. Uchunguzi ukionyesha kwamba mtu aliyeshiriki kukiongoza ametumia vibaya pesa au mali ya wanachama, anaweza kuamriwa azirudishe mwenyewe, na riba juu. Na sheria haimwangalii aliye ofisini tu. Inamfuata na aliyekwisha kuondoka. Mwanachama aliyeweka akiba yake ya gari hapokonywi hisa kwa sababu mwenyekiti alikosea. Mwenyekiti ndiye anayeandikiwa barua.

Sisemi vyama vya ushirika ni malaika. Vipo vilivyoliwa mpaka mfupa, na amri za kurudisha pesa nyingine huchelewa mpaka mtu anazeeka. Lakini msingi wake ni wa haki: kosa lina jina, na jina lina mfuko.

Mpira nao unaweza. Juventus ya Turin, Italia, ni mfano, ingawa si mfano msafi. Walichunguzwa kuhusu mauziano ya wachezaji ambayo bei zake zilidaiwa kupandishwa ili vitabu vionyeshe faida. Tarehe 28 Novemba 2022 bodi yote ilijiuzulu, pamoja na rais wake Andrea Agnelli. Timu ilipokonywa pointi 15 Januari 2023, zikarudishwa Aprili, kisha Mei zikakatwa 10. Hapo mashabiki waliumia kama wa Everton, tena kwa kupandishwa na kushushwa. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Watu walitajwa kwa majina: Agnelli alifungiwa miezi 24, na Fabio Paratici, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo, miezi 30. Paratici wakati huo alikuwa ameshahamia Tottenham, London. FIFA wakaipanua adhabu ikawa ya dunia nzima, na Aprili 2023 akaacha kazi yake mpya. Kosa la Turin likamfuata mpaka London. Nilipowaeleza haya, yule kondakta alikaa kimya kwa muda, akasema hiyo sasa ndiyo adhabu.

Sina furaha mtu akipoteza kazi. Nina furaha kwamba mlango wa kutokea haukuwa mlango wa kusahauliwa.

Kuna hoja moja iliyonisumbua zaidi ya zote, na aliileta mwanachama wetu mwenye magari mawili, mama mmoja mwenye busara. Akasema, "Mkiweka sheria hiyo kwenye klabu, nani atakubali kuongoza? Watu wanaongoza hizi klabu bure, kwa mapenzi. Utambebesha deni mtu anayejitolea?" Ni kweli viongozi wengi wa klabu zetu hawana mshahara. Wapo wanaotoa pesa zao kuwasafirisha wachezaji, na timu nyingi za ligi za chini zingekufa bila watu wa aina hiyo. Mtu kama huyo akipata hasara kwa sababu mdhamini amejiondoa ghafla, kama tulivyoona 2019, kumwandama ni dhuluma. Hakuna anayejua kesho ya leseni ya mtu mwingine.

Ila kuna umbali mkubwa kati ya kupata hasara na kutia sahihi ukijua. Ukimwajiri kocha kwa mshahara ambao akaunti haina na haitakuwa nao, hukupata bahati mbaya. Ukipitisha makadirio ya nafasi ya 6, matokeo yakaja mabaya, na bado ukaendelea kununua, umeamua. Kumtenganisha wa kwanza na wa pili si kazi ngumu kwa mtu anayeruhusiwa kuona vitabu. Kumbukumbu za vikao zinaonyesha nani alionya, nani aliunga mkono, tarehe gani. Kwetu sacco, ofisa aliyepinga uamuzi mbaya huomba pingamizi lake liandikwe kwenye kumbukumbu, na hilo humlinda baadaye. Kiongozi mwaminifu hana sababu ya kuliogopa daftari hilo, maana ndilo litakalomtetea yeye aliyetoa pesa zake na kusema ukweli.

Na sisi mashabiki tuna sehemu yetu. Wa Everton hawana kura. Klabu ilikuwa ya Farhad Moshiri, na Desemba 2024 aliwauzia Friedkin Group. Shabiki wa kule anabaki na sauti na kiti chake tu, na mimi wa Nairobi hata kiti sina. Lakini klabu zetu kubwa hapa ni za wanachama. Tunachagua. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inazitaka zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na lipo Baraza la Migogoro ya Michezo la kupokea malalamiko. Baraza hilo lilifuta uchaguzi wa FKF Desemba 2019 na tena Machi 2020, kwa hiyo asituambie mtu kwamba halina meno. Tunacho kile ambacho mashabiki wa Everton walikaa uwanjani wakikililia, halafu siku ya mkutano mkuu tunakuja kuimba, kula na kupiga picha na mwenyekiti. Ripoti ya hesabu inasomwa kwa dakika chache, mtu mmoja anasema "napendekeza tuipitishe", mwingine anaunga mkono, kwisha. Mzee wetu alipouliza swali lake, waliomzomea walikuwa mashabiki wenzake. Hilo lilimuumiza kuliko ile pesa aliyoituma.

Kwa hiyo nimeandika pendekezo nitakalolipeleka kwenye tawi la klabu yangu ya hapa nyumbani, lipelekwe mkutano mkuu kama nyongeza ya katiba. Nimelionyesha watu kadhaa ofisini, yule mama mwenye magari mawili akanisaidia kulinyoosha lugha ili lisimdhulumu anayejitolea. Linasema kwamba mkataba wowote wa mchezaji au kocha uambatane na karatasi inayoonyesha pesa zitatoka wapi, na majina ya walioidhinisha yasomwe mbele ya wanachama kila mwaka. Linasema klabu ikiadhibiwa kwa mkataba ulioidhinishwa bila karatasi hiyo, walioidhinisha washiriki kulipa, na wasigombee tena mpaka deni liishe. Na linasema haya yanawahusu waliopo ofisini na walioondoka. Nimeshaambiwa na watu wawili wa tawi kwamba lingepita kirahisi kama ningeyafuta hayo maneno ya walioondoka. Hayo ndiyo sitakubali yafutwe.